Usimsimulishe huyo mtoto Jumamosi

Mleta uzi, Jumamosi mtoto asiende kwenye kikao. Nimesoma swali lako saa tano usiku nikiwa tayari kitandani, nikaamka kuja kuandika, kwa hiyo nikiwa mkali mahali unisamehe.

Kwa wanaoingia sasa: mwenzetu anamlea mtoto wa marehemu kaka yake, miaka sita, aliyetolewa dirishani nyumba ilipoungua, mama yake akafia ndani. Mtoto anakojoa kitandani, chakula anakichokonoa tu, na jiko la gesi likiwashwa anakimbilia nje. Mwenzetu kauliza mambo manne: amhamishe shule katikati ya muhula au asubiri Januari, amwingize vipi kwenye bima, afanyeje kuhusu kukojoa, na la mwisho ni hili. Jumamosi ni arobaini, na shangazi mtu anamleta "mtaalamu" atakayemketisha mtoto mbele ya ukoo asimulie kila kitu alichokiona "ili sumu imtoke moyoni". Kaliandika kwa mstari mmoja, kama vile anauliza viti vikodiwe wapi.

Nililifanya hilo hilo, ndugu yangu. Kwa mikono yangu na kwa hela yangu.

Dada yangu aliuawa na mumewe mwaka 2016. Binti yao, miaka mitano, alikuwa uvunguni mwa kitanda muda wote. Mimi ndiye mama yake mdogo, na kwetu hilo halihitaji mjadala: siku ya tatu baada ya mazishi nilipanda naye basi. Alikuja na mfuko wa rambo wenye magauni matatu na kanga ya mama yake, ya njano, yenye harufu ya moshi wa kuni bado.

Wiki ya kwanza alikuwa anaongea. Naomba ulishike hili, maana ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo. Alikuwa anaomba maji. Aliniuliza kuku wetu wanaingia bandani saa ngapi, na kwa nini jogoo halali na wenzake. Kidogo kidogo, lakini alikuwa anaongea.

Mimi ndiye niliyemzima. Kila mgeni wa rambirambi aliyeingia alimvuta mtoto mapajani: "Mwanangu, hebu niambie, baba alifanyaje?" Na mimi nikimgusa bega: "Mwambie bibi. Mwambie mjomba." Polisi walimuuliza, sawa, hilo lilikuwa halikwepeki. Baada ya polisi akaja mjumbe. Mwalimu wa chekechea akamuuliza mbele ya wenzake. Shangazi zake upande wa baba wakaja wawili, wakataka wasikie kwa masikio yao kama kweli. Nilipokaa kuhesabu baadaye nilipata mara kumi na moja ninazozikumbuka. Kila mara ilikwenda vile vile: anasimulia, mtu mzima analia kwa sauti, anamkumbatia mpaka mtoto anakosa pumzi, anamwachia mia tano kiganjani, anaondoka zake. Mtoto anabaki na mia tano yake na kila kitu kimefumuliwa upya ndani yake.

Halafu akaja mshauri.

Simtaji. Alikuwa na ofisi yenye vyeti ukutani, tai, na sauti ya upole, na alitoza elfu 30 kwa kikao. Tulikwenda sita. Kanuni yake ilikuwa moja: mtoto asimulie, arudie, arudie tena, mpaka siku atakayosimulia bila kulia, hapo ujue amepona. Akilia, sumu inatoka. Akitetemeka, sumu inatoka. Kikao cha sita akasema sasa yuko tayari kwa "ushuhuda", na kuna semina ukumbini ya watu kama mia mbili. Nilimnunulia gauni na soksi nyeupe.

Akamsimamisha mbele, akainama, akamwekea maiki mdomoni. "Sema kwa sauti, mwanangu, watu wakusikie." Mtoto alikuwa ameng'ata pindo la ile kanga. Akalitoa mdomoni akaanza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, sauti bapa, kama anasoma. Nikasikia makofi. Nilipomtazama miguuni niliona mkojo unashuka taratibu kwenye zile soksi, na ukumbi mzima unapiga makofi.

Baada ya siku ile hakuongea miezi minne. Hata kuku hakuwauliza. Akarudi kulala uvunguni. Nilikuwa naamka saa tisa namkuta sakafuni, macho wazi. Nikampigia simu yule bwana. Unajua alinijibu nini? "Hiyo ni hatua nzuri, mama, ametulia." Ametulia! Mtoto amekuwa gogo, mtu mwenye vyeti ananiambia ametulia, na ananikumbusha kuna punguzo ukilipia vikao kumi kwa pamoja. Sina chuki na watu wengi duniani, ila huyo nikikutana naye stendi nitamuuliza mbele za watu: ulisomea wapi kumvua mtoto nguo ya mwisho aliyobaki nayo?

Aliyenifungua macho ni muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, hospitali ya rufaa ya mkoa. Nilikaa nikaanza kueleza, "Huyu mtoto, baba yake alimkamata mama yake..." Akanyanyua mkono nikanyamaza. Akamtoa mtoto nje na karatasi na penseli za rangi, akamkabidhi kwa mwanafunzi wa uuguzi, akafunga mlango. Kisha akaniuliza swali moja: "Ameshaulizwa mara ngapi?" Nikasema kumi na moja, na vikao sita, na ukumbi. Yule mama akaweka kalamu mezani, akanitazama bila kusema neno.

Alinieleza kwa maneno ambayo hata mimi darasa la saba nayaelewa. Mtoto wa umri ule akilazimishwa kusimulia, mwili wake hauoni tofauti kubwa kati ya kusimulia na kutendewa: moyo unakwenda mbio, tumbo linakaza, mkojo unatoka. Kama hakuna aliyemfundisha kwanza namna ya kujituliza, na hakuna mtu wake wa kudumu pembeni, unamrudisha uvunguni kila unapomuuliza. Na hayo hakuyatoa kichwani mwake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia umejengwa juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Unasema wazi usimshinikize mtu aeleze yaliyompata. Kusikiliza kule maana yake ni kuwepo anapotaka kusema. Kumchimba hakumo.

Sasa najua kuna atakayekuja kusema, "Mbona kuna tiba ambayo mtoto anasimulia?" Ipo, na inasaidia, na ndiyo maana matapeli wanaiga nusu yake. Hapa Tanzania, Moshi, na kule Bungoma, Kenya, ilifanyiwa utafiti uliotoka 2020, watoto 640 waliofiwa na mzazi, umri wa miaka 7 hadi 13, na walioiendesha hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Ni mikutano 12 ya kikundi. Walezi nao wana kikundi chao. Mtoto anafundishwa kwanza kupumua, kutaja hisia, kujua kwamba yaliyompata si kosa lake, na akifika kwenye kusimulia anasimulia kwa mshauri wake faraghani, kwa mwendo wake. Kule Kenya nafuu ilikuwa bado inaonekana baada ya mwaka mzima. Kwetu tofauti na watoto wasioipata ilififia, kwa hiyo siiuzi kama muujiza. Ila linganisha na shangazi, maiki na sahani za pilau, uniambie kama ni kitu kimoja.

Alichonipa muuguzi kilikuwa kidogo mpaka nilikasirika. Usimuulize. Usimsimulie mtu mwingine yeye akisikia. Uwe wewe yule yule kila siku: uji saa moja, kuoga saa kumi na moja, taa izimwe saa mbili, na ukitoka useme unarudi saa ngapi na urudi saa hiyo. Akitaka kulala uvunguni mtandikie mkeka huko huko, na wewe ulale kitandani juu yake. Nikamwambia, "Dada, nimetumia nauli elfu kumi na nane kuja kuambiwa nimpikie uji?" Akasema ndiyo.

Mwezi wa tano tangu siku ile ya ukumbini, tulikuwa uani tunachambua mchele. Nilikuwa na ungo mapajani, yeye kachuchumaa pembeni anatoa chuya moja moja anazipanga kwenye kidole cha mguu wangu. Akasema, bila kunitazama, "Mama alivaa kanga nyingine siku ile. Hii ilikuwa kwenye kamba."

Nilitaka kuurusha ungo nimkumbatie. Nilitaka kuuliza, kanga ipi, na kisha ikawaje, na baba alikuwa wapi. Nikasema, "Ilikuwa kwenye kamba," nikaendelea kupeta. Kimya. Akapanga chuya nyingine tatu. Kisha akasema, "Ilikuwa bado mbichi." Nikasema, "Eeh." Akaniuliza kama leo tunapika na nazi.

Hayo tu kwa siku ile. Wiki iliyofuata akasema mengine mawili. Alichukua karibu mwaka kusema yote, jikoni, bombani, nikimsuka nywele, na mwishoni akayasema kwa yule muuguzi pia. Siku aliyomaliza alilala kitandani. Mimi sikulala.

Kwa hiyo kwenu wote mnaolea watoto wa hivi: msimsimulishe. Likiwa ni jambo la kesi, litamkwe mara moja kwa wanaohusika, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, afisa ustawi wa jamii akiwepo, na kama mkoa wenu una Kituo cha Mkono kwa Mkono anzia hapo, maana vimewekwa ili daktari, polisi na ustawi wawe mahali pamoja mtoto asizungushwe ofisi kwa ofisi akirudia yale yale. Hujui wa kumfuata? Piga 116, ni namba ya huduma kwa mtoto, hailipishwi, na inafanya kazi Kenya pia.

Kukojoa nakujibu haraka: funika godoro nailoni, mpeleke chooni kabla ya kulala, asubuhi anikeni shuka pamoja bila hotuba. Asichapwe, asibebeshwe godoro, watoto wenzake wasimwimbie kikojozi. Na yeyote atakayekushauri umpe vidonge vya usingizi vya watu wazima, mkatalie mlangoni.

Wale wa "sisi tulichapwa, tuliona misiba, na tumekua" nawaona mnavyojiandaa, subirini nimalize halafu mje na fimbo zenu. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu robo tatu ya Watanzania vijana waliwahi kupigwa ngumi, mateke au mijeledi kabla ya miaka 18. Ni sisi hao. Ni sisi tunaoshtuka mlango ukibamizwa, tusioweza kumwambia mtoto pole bila kumgombeza kwanza. Kukua tumekua kweli, na gharama tunaijua kila mtu chumbani kwake.

Mleta uzi, rudi kwenye Jumamosi. Najua shangazi ni shangazi na ukoo ni ukoo, usigombane nao. Usiombe ruhusa pia, kwa sababu ukiomba utanyimwa. Mpigie mkubwa wa ukoo kesho asubuhi kabla hajapigiwa na shangazi, useme hivi: "Shikamoo baba mkubwa. Arobaini nitakuja, na mchango wangu nimeutuma. Mtoto atabaki nyumbani na bibi yake. Hospitali imekataza asiulizwe chochote kuhusu moto." Akiuliza hospitali gani, mwambie utampeleka karatasi. Jumatatu uwe kliniki mapema uipate hiyo karatasi kweli, na Jumamosi jioni uwahi kurudi saa uliyomwambia mtoto.