Kupima Nguvu ya Gari Linalovutwa na Magurudumu Yote: Anza na Rola

Gari langu halipandi daino, yaani mashine ya rola ya kupimia nguvu ya gari, kabla sijamuuliza mwenye mashine: rola za mbele na za nyuma zimeunganishwa zizunguke kwa mwendo mmoja, au zinazunguka kila moja kivyake? Gari linalovutwa na magurudumu yote lina difu ya katikati (gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), au klachi inayofanya kazi hiyo. Kifaa hicho huvumilia tofauti ndogo ya mwendo kati ya mbele na nyuma, kama ile ya kukata kona. Tofauti hiyo ikiendelea huku mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho, joto hupanda upesi. Kwenye magari ambayo kifaa hicho ni kapulini ya mafuta ya silikoni, joto likizidi sana, kapulini hukaza na kufunga.

Ukiambiwa magurudumu mawili tu yatapanda rola, washa gari uondoke. Yale yaliyobaki sakafuni yanaweza kusukuma gari likatoka kwenye mashine. Wapo wanaofungua propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kati ya mbele na nyuma, au kuchomoa fyuzi ili kukwepa tatizo hili. Kwa baadhi ya magari inawezekana, lakini fuata kitabu cha gari lako, usifuate maneno ya gereji.

Kwa upande wako, kazi kubwa ni tairi. Zote nne ziwe saizi moja, aina moja, na ziwe zimelika karibu sawa. Iliyolika zaidi ina kipenyo kidogo, huzunguka haraka kuliko wenzake, na difu inarudi kwenye shida ileile. Mimi hupitisha vidole kwenye meno ya kila tairi na kuchokoa kokoto kwa bisibisi, maana ikichomoka kwa kasi ile inaweza kumtoboa mtu jicho. Upepo upime tairi zikiwa baridi, uandike, na utumie kiwango hichohicho kila ukirudi.

Mikanda ya kufungia gari kwenye mashine nayo inagusa usalama na namba kwa pamoja. Ikikazwa kupita kiasi, tairi hubanwa kwenye rola na sehemu ya nguvu inaliwa hapo. Ikilegea, tairi zinateleza na gari linayumba. Napiga alama ya kalamu pale mkanda unapoingia kwenye kikazio. Baada ya mbio ya kwanza, yaani kipimo kimoja cha kukanyaga mafuta mpaka mwisho, alama hiyo mara nyingi inakuwa imesogea, kwa hiyo tunakaza upya kabla ya ya pili. Mbele na nyuma ya gari asisimame mtu, na moshi wa ekzosti utolewe nje kwa bomba.

Feni kubwa ielekezwe kwenye intakula, yaani rejeta inayopoza hewa inayosukumwa na tabo kuingia kwenye injini. Gari la tabo likivuta hewa ya moto, kompyuta hurudisha taimingi (wakati wa cheche kuwaka) nyuma na nguvu inashuka, halafu fundi anaanza kutafuta kosa ambalo halipo. Kila mbio ianze na joto lilelile la hewa inayoingia na la maji ya injini, kwa gia moja yenye uwiano karibu na 1:1.

Mkubaliane mapema lini mguu unatoka kwenye mafuta. Petroli ikipungua kwenye mchanganyiko au injini ikianza kugonga, mbio inaishia hapohapo, hata kama imebaki mizunguko michache kufika kileleni. Nataka mtu mmoja ambaye macho yake hayaondoki kwenye lambda, kipimo cha uwiano wa hewa na petroli.

Kuhusu karatasi ya matokeo, angalia namba zimesahihishwa kwa kanuni gani ili kufidia hali ya hewa ya siku hiyo. SAE J1349, kanuni ya chama cha wahandisi wa magari, inachukua hewa ya nyuzi 25 za Selsiasi na kanieneo ya kilopaskali 99. Ile ya zamani, J607, hutoa namba kubwa kwa karibu asilimia 4 kwa gari lilelile. Sehemu za mwinuko, masahihisho hayo humpendelea mwenye tabo, kwa kuwa tabo yenyewe imeshafidia sehemu ya hewa iliyopungua. Torki, yaani nguvu ya kuzungusha, nayo mara nyingi hukokotolewa kutoka kwenye nguvu na mizunguko, hivyo mizunguko ikisomwa vibaya, torki ni ya uongo. Omba faili lenye namba ambazo hazijasahihishwa, pamoja na joto na kanieneo ya hewa ya chumba, na angalau mbio tatu mfululizo ambazo mistari yake kwenye grafu inalaliana.