Kwa anayeanza kusoma balagha ya Wagiriki

Muhula wangu wa kwanza wa balagha, yaani ufundi wa kushawishi kwa hotuba, nilikariri ethos (tabia ya msemaji), pathos (hisia za wasikilizaji) na logos (hoja yenyewe) kama mtoto wa chuoni anavyokariri alifu, be, te. Kwenye insha nikaandika kwamba ethos ni jina na heshima ambayo msemaji anakuja nayo. Mwalimu akapiga mstari mwekundu. Nilipomsoma mwanafalsafa Aristotle mwenyewe, katika kitabu chake Balagha (Rhetoric), nikaona nimekosea kweli: kwake, imani ya wasikilizaji inatakiwa izaliwe na hotuba yenyewe, pale pale, si na sifa aliyokwisha kuijenga mtu. Mkubwa na mchuuzi wa samaki wanaanza sawa, angalau kwenye karatasi.

Kwa hiyo wewe usikwame kwenye yale maneno matatu. Nenda sehemu ya pili ya Balagha (huitwa kitabu cha pili), sura ya 2 hadi ya 11, anapozichambua hisia moja baada ya nyingine. Kila hisia anaiuliza maswali matatu: anayeihisi yuko katika hali gani, anamhisia nani, na kwa jambo gani. Jibu moja likikosekana, msemaji hawezi kuiamsha. Hasira, anasema, ni hamu ya kulipiza iliyochanganyika na uchungu, kwa sababu umedharauliwa na mtu asiyestahili kukudharau. Dharau ndiyo shina. Ukilishika hilo, sura ya utulivu inayofuata inajifungua yenyewe: mtumwa anayekana kosa huadhibiwa zaidi kuliko anayekiri, maana kukana jambo lililo wazi ni kukosa haya, na kukosa haya ni kumdharau mtu mara ya pili. Mwenye watoto nyumbani hahitaji maelezo zaidi. Tangu hapo, mtu akiniambia pathos ni ufundi wa kuliza watu, najua kitabu hajakifungua.

Logos isikutishe. Mfano wa Aristotle: ukisema mwanamichezo Dorieus alishinda kwenye michezo ya Olympia, huna haja ya kuongeza kwamba tuzo ni taji. Kila Mgiriki anajua. Msikilizaji akijazia mwenyewe, hoja inakuwa yake.

Jambo la mwisho: nadharia uisome pamoja na hotuba zenyewe. Athens haikuwa na hakimu msomi wala wakili. Kesi ilisikilizwa na mamia ya wananchi waliopatikana kwa bahati nasibu, saa ya maji ikidondoka, na mwenye kesi akijisemea. Aliyeweza kulipa aliandikiwa hotuba yake na watu kama Lysias. Anza na hotuba yake ya 24, ni fupi. Mlemavu anaponea chupuchupu kukatiwa posho ya oboli moja (sarafu ndogo) kwa siku, au pengine hakupona. Hukumu haikuandikwa humo. Mshitaki anadai ni mzima, mbona anapanda farasi? Mlemavu analijibu Baraza la mji, lililosikiliza shauri lake: ningekuwa na mali ningepanda nyumbu wangu mwenye tandiko, nisingeazima farasi wa watu. Isome kwa sauti, kisha tafuta ni wapi alipowachekesha kabla ya kuwaomba huruma.