Maswali Yenu: Setilaiti, GPS na Safari za Porini

Simu gani inashika mtandao popote porini? (Wengi, tena na tena)

Hakuna. Simu ya kawaida hushika mnara, na pasipo mnara hata ya milioni tatu ni tochi. Swali hili sitalijibu tena.

Nina iPhone 14 yenye SOS ya setilaiti, yaani wito wa dharura. Inatosha kuvuka jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya? (Nairobi)

Haitoshi. Huduma hiyo hufunguliwa nchi kwa nchi, na hadi naandika haya Kenya haimo, Tanzania vilevile. Muuzaji aliyekuambia "ina setilaiti" hakudanganya, amekuuzia tu tangazo la Wamarekani.

GPS ya simu inafanya kazi bila bando? (Dodoma)

Inafanya. Simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti na kujipigia hesabu ilipo. Bando ni la kuleta ramani. Kwa hiyo pakua ramani ukiwa mjini, kwenye programu ya Organic Maps au OsmAnd, kisha weka hali ya ndege uone kama inafunguka. Fanyia sebuleni jaribio hilo. Na kumbuka ramani hizi huchorwa na watu wa kujitolea: njia iliyochorwa kiangazi haisemi lolote kuhusu udongo mweusi wakati wa masika. Hilo kamuulize dereva wa lori aliyetoka huko jana.

Tuchukue inReach (kifaa cha Garmin cha kutuma ujumbe kwa setilaiti) au Thuraya (simu ya setilaiti)? Tunakwenda Natron hadi Loliondo, magari mawili. (Arusha)

Kwanza niwaulize mimi: ujumbe wenu atapokea nani? Watu hubishana mwezi mzima juu ya bei na swali hili hawaligusi.

Tuanze na vifaa. inReach hutumia mtandao wa Iridium, setilaiti 66 zinazoizunguka dunia. Moja ikijificha, subiri, nyingine inakuja. Setilaiti ya Thuraya imetulia juu ya ikweta. Mtasoma kwamba hushindwa kwenye makorongo, na kwa mtu wa Ulaya ni kweli, kwa kuwa kwake iko chini upande wa kusini. Kwetu iko longitudo 44 mashariki, karibu utosini, kwa hiyo woga huo msiuazime. Thuraya inawapa sauti, na daktari huuliza maswali haraka kuliko mnavyoandika. Pamoja na hayo ningechukua inReach, kwa sababu inatuma yenyewe mahali mlipo, na mtu aliyeshikwa na hofu husoma tarakimu vibaya. Lipieni ada yake ya huduma kabla ya kuondoka.

Sasa turudi kwa mpokeaji. Ukibonyeza SOS, anayeshtuka ni kituo cha Garmin huko Texas, si polisi wa Wasso, karibu na Loliondo. Texas wataanza kupigia namba mlizoandika. Mkiandika namba ya shemeji anayezima simu saa tatu usiku, mmenunua kengele isiyo na mlinzi. Andikeni mtu wa Arusha anayepokea usiku, mwenye karatasi ya njia yenu, namba za magari, viwanja vya ndege vidogo vilivyo karibu na namba ya AMREF Flying Doctors, ndege za wagonjwa za Nairobi, pamoja na uthibitisho kwamba uanachama wenu huko umelipiwa. Karatasi hiyo ni bure, ndiyo maana hakuna anayeiandika.

Tena, ulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kuhusu vibali kabla ya kununua, na mkivuka mpaka mwulize upya. India wageni wamezuiliwa uwanja wa ndege kwa kukutwa na inReach tu.

Nilitumiwa koordineti za kambi ya Natron, simu ikanionyesha Turkana. Imeharibika? (Moshi)

Simu nzima, umeacha alama ya kutoa. Natron iko takribani latitudo 2.4 kusini. Ukiandika 2.4 tupu, simu inaelewa kaskazini, na hapo umehamishwa zaidi ya kilomita 500. Andika S au andika alama ya kutoa. Na nyinyi mnaojivunia ramani za karatasi za 1:50,000: zile za zamani zilipimwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati GPS yako husoma mfumo mwingine, WGS84. Usipobadilisha kwenye mipangilio, unakosea kama mita 300. Usiku, mita 300 zinatosha kukipita kivuko.

Redio za mkononi, boksi limeandika kilomita 30. Kweli? (Iringa)

Kutoka kilele hadi kilele, labda. Ndani ya miombo hesabu mbili au tatu. Na masafa nayo yana kibali chake.

Nimepata pawabenki ya mAh 100,000 kwa elfu thelathini. Ninunue? (Mbeya)

Ndege nyingi huruhusu bila maswali hadi wati-saa 100, yaani karibu mAh 27,000, na hiyo peke yake ina uzito wa kama nusu kilo. Yako, kama mAh hizo ni za kweli, ingekaribia kilo mbili. Kabla hujatoa pesa, ipeleke kwa muuza nyama jirani akupimie.