Uliza Fundi wa Sinema: Steringi wa picha ya pili

SWALI: Shikamoo Fundi. Babu yangu ni mtu wa Arusha, na hadithi yake kubwa ni kwamba John Wayne, yule steringi wa kauboi wa Marekani, alikuja kupiga picha ya *Hatari!* huku kwetu. Juzi nikaingia YouTube kumtafuta, nikakutana na picha zake za 1933 na 1934. Fundi, ni balaa! Saa moja haifiki, baa ni ileile, majambazi ni walewale, na kuna moja anaimba juu ya farasi kwa sauti ambayo wazi si yake. Babu kakataa katakata kwamba ni John Wayne yuleyule. Ilikuwaje? — *Msomaji, Moshi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie babu ni yuleyule, na hadithi yake ni ya kweli. *Hatari!* ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha, ikatoka 1962. Ila huyo Wayne aliyemwona babu alikuwa ameshakula miaka thelathini kwenye kazi, na karibu kumi ya mwanzo aliimalizia kwenye picha za daraja la B.

Hizo picha za B huwezi kuzielewa bila kwanza kuelewa fedha. Miaka ya 1930 hali ya uchumi Marekani ilikuwa mbaya, watu hawana kitu. Wenye majumba ya sinema wakaona wavutie wateja kwa tiketi moja, picha mbili. Ya kwanza kubwa, yenye majina. Ya pili fupi, ya kujazia; hiyo ndiyo picha ya B. Kwa ile kubwa, jumba lililipa asilimia ya makusanyo ya mlangoni: likijaa, na studio inavuna. Ya pili ililipiwa bei moja iliyopangwa kabla, watu waje wasije. Kwa hiyo mtayarishaji wake alijua, kabla hata kamera haijafunguliwa, kwamba picha hii italeta kiasi hiki na senti haiongezeki. Siku moja ya ziada ya kupiga picha ilitoka mfukoni mwake. Ndiyo maana baa ni ileile. Ndiyo maana mwigizaji akijikwaa kwenye maneno wanaendelea tu.

Wayne mwenyewe hakuanzia huko. Jina lake la kuzaliwa ni Marion Morrison, kijana aliyecheza mpira wa Kimarekani chuoni, kisha akawa anabeba meza na viti kwenye studio ya Fox. Mwongozaji Raoul Walsh akamwona, studio ikampa jina jipya, na mwaka 1930 akawekwa mbele kwenye *The Big Trail*, picha kubwa ya safari ya magari ya kukokotwa. Waliipiga kwa mkanda wa milimita 70, mara mbili ya upana wa kawaida. Mimi nimeendesha mitambo maisha yangu yote, na nakuambia hakuna mwenye jumba anayefurahi kuambiwa abadili mtambo na kitambaa cha kuonyeshea kwa ajili ya picha moja. Na hawa walikuwa ndio kwanza wametoka kununua vyombo vya sauti! Majumba yaliyoweza kuionyesha ilivyokusudiwa yalikuwa machache mno. Picha ikaanguka, na kijana akaanguka nayo.

Akaokota kazi ndogondogo Columbia, kisha akaenda Mascot, kampuni ya picha za mfululizo. Hizo zilikuwa na sehemu kumi na mbili, kila wiki moja, na kila sehemu inaishia steringi akiwa karibu kufa ili urudi wiki ijayo na hela yako. Alicheza tatu za namna hiyo kati ya 1932 na 1933. Halafu ndipo zikaja hizo ulizoziona wewe, za Lone Star, zilizosambazwa na Monogram: 16 katika miaka ya 1933 hadi 1935. Hiyo ya kuimba ni *Riders of Destiny*, ya kwanza kati yake. Sauti kweli si yake, sikio lako zima.

Vijikampuni vya aina hii vilibanana maeneo ya Gower Street, Hollywood, na watu walipabatiza Mtaa wa Ufukara. Makauboi wa kweli waliokosa kazi ya ng'ombe walikuwa wakisimama pale kona ya Sunset na Gower, kofia na buti zao mwilini, wakingoja kuitwa kibarua. Steringi naye hakuwa mbali sana na watu hao. Leo anapigana, kesho anapanda farasi, kesho kutwa picha imekwisha na nyingine inaanza.

Mwaka 1935 Herbert Yates, mwenye maabara kubwa ya kusafisha na kuchapa mikanda, aliwakusanya wateja wake waliokuwa wakidaiwa, Monogram na Mascot wakiwamo, akawaunganisha kuwa kampuni moja, Republic. Mjanja yule! Wayne akahamia huko pamoja na viti na farasi. Akajaribu kuchomoka: 1936 na 1937 alicheza picha sita Universal zisizo za kauboi, za baharini, za malori, hata ya mpira wa magongo kwenye barafu. Hazikumsogeza popote. Akarudi Republic, 1938, wakamtia kwenye mfululizo wa makauboi watatu marafiki. Katika mojawapo utamwona Louise Brooks, mwanamke aliyekuwa nyota mkubwa enzi za picha bubu. Hiyo ndiyo ikawa picha yake ya mwisho. Mtaa huohuo mmoja anapitia kupanda, mwingine anapitia kuondoka.

Kilichomtoa Wayne ni mwongozaji John Ford na picha yake *Stagecoach*, Machi 1939. Watu hupenda kusema siku ile ilibadili kila kitu. Haikuwa hivyo. Jina la kwanza kwenye tangazo lilikuwa la Claire Trevor, na mwaka huohuo, baada ya *Stagecoach* kutoka, Republic ilitoa nyingine nne za wale makauboi watatu, Wayne yumo. Mkataba ni mkataba. Mtu amesifiwa nchi nzima, na bado anaonekana kwenye picha ya pili akifukuza wezi wa ng'ombe.

Babu asione haya kwa niaba yake. Ronald Reagan naye, aliyekuja kuwa rais, alianzia kwenye kitengo cha picha za B cha Warner.

SWALI: Fundi, zile ngumi za zamani walikuwa wanapigana kweli? Na nani alikuwa anaanguka badala ya steringi? — *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Swali hili nimelingoja, kwa sababu linanipa nafasi ya kumtaja mtu ninayemheshimu kuliko Wayne: Yakima Canutt. Alikuwa bingwa wa rodeo, yale mashindano ya kupanda farasi wakorofi, kabla hajaingia kwenye sinema. Kwenye picha za Lone Star alikuwa adui, na papo hapo alikuwa ndiye anayeruka farasi na kuanguka badala ya Wayne. Kuna mahali adui anamfukuza steringi na wote wawili, ukiangalia vizuri, ni Canutt, kila mmoja kapigwa picha kwa wakati wake.

Ngumi zilikuwa hivi. Zamani waigizaji walipigana begani na kifuani, na ilionekana ni mchezo. Canutt na Wayne walikuwa miongoni mwa waliotengeneza njia nyingine: kamera inakaa nyuma ya bega la mmoja, ngumi inapita mbele ya uso bila kugusa, na anayepigwa anatupa kichwa kwa wakati uleule. Kwa upande wa kamera huoni nafasi iliyobaki kati ya ngumi na shavu. Kishindo kinawekwa baadaye. Mpaka leo ndivyo wanavyofanya.

Na kama unataka kumwona mwenyewe, angalia *Stagecoach*, pale Mwapache, mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani, anaporuka kutoka farasi wake hadi kwenye farasi wa mbele wa gari la kukokotwa, akapigwa risasi, akaangukia katikati yao. Anaburutwa chali huku kwato zikipita kushoto na kulia, kisha anaachia mikono, na gari zima linapita juu yake. Huyo ni Canutt. Hakuna kompyuta, hakuna mdoli. Mwaka 1967 alipewa Oscar ya heshima, nami naona walichelewa.

SWALI: Katika picha za 1932 za John Wayne pale Warner, akiwa karibu ni yeye, akiwa mbali namwona mtu mwingine kabisa. Macho yangu au? — *Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Macho yako hayana kasoro, ndugu yangu. Yule wa mbali ni Ken Maynard, steringi wa kauboi wa enzi za picha bubu. Studio ilikuwa na mikanda yake ya zamani yenye misafara mikubwa na ng'ombe wengi ajabu, vitu ambavyo bajeti ya picha ya B isingevigusa. Mtayarishaji Leon Schlesinger, ndiye huyohuyo wa katuni za Looney Tunes, akatoa picha sita kwa kuchanganya: vumbi na ng'ombe ni vya Maynard, maneno na busu ni vya Wayne. Wayne akavalishwa nguo zinazofanana na za Maynard, na akatafutiwa farasi mweupe aliyefanana na wa Maynard. Farasi wa Maynard aliitwa Tarzan, huyu mpya akaitwa Duke. Ukitaka kuukamata mshono, tazama kofia, kisha tazama mwendo wa watu: mikanda ya picha bubu mara nyingi ilipigwa kwa kasi ndogo, hivyo kwenye mtambo wa sauti watu wanakimbia kama wamewashwa.

SWALI: Kwa nini hizi picha ziko bure mtandaoni, na nianze na ipi? — *Msomaji, Tanga*

JIBU: Sheria ya Marekani wakati ule ilitaka hakimiliki ihuishwe baada ya miaka 28. Picha nyingi za Mtaa wa Ufukara hakuna aliyejisumbua kwenda kuzihuisha, zikawa za kila mtu. Ndiyo maana pia nakala nyingi ni chafu, na nyingine zimebandikwa muziki wa kinanda cha umeme ambao hata mwaka 1934 haukuwapo. Tafuta yenye sauti ya awali.

Anza na *Randy Rides Alone* ya 1934. Wayne anaingia baa, kinanda kinajipiga chenyewe kwa furaha, na watu wote ndani wamekufa. Ukutani kuna picha, na macho ya ile picha yanamfuata. Ni dakika chache tu, chumba kimoja, gharama karibu na bure. Zinazofuata ni kufukuzana kwa farasi, hapo unaweza kuinuka ukachemshe chai.