Jibu: Wa kulipwa kwenye Olimpiki si watawaua wa ridhaa?

Mkuu umeuliza bondia wa kulipwa akiingia Olimpiki si atawamaliza wale wa ridhaa, mbona ilishajaribiwa na haikuwa hivyo kabisa. AIBA, shirikisho la dunia la ngumi za ridhaa, waliruhusu mwaka 2016, miezi michache kabla ya Olimpiki ya Rio, wakafuzu watatu tu: Hassan N'Dam wa Cameroon, Amnat Ruenroeng wa Thailand na Carmine Tommasone wa Italia. Hakuna aliyerudi na medali.

N'Dam ndo alinishangaza maana huyu alishabeba mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBO (moja ya mashirika ya ngumi za kulipwa), lakini kapigwa pambano la kwanza tu na Mbrazili Michel Borges, kwa pointi. Amnat naye alikuwa bingwa wa dunia wa IBF, shirika jingine la kulipwa, uzito wa flai (kama kilo 51), Rio akapanda mpaka kilo 60 (sijui nani alimshauri), akashinda moja kisha Mfaransa Oumiha akammaliza kwa TKO, yaani refa alisimamisha pambano.

Shida ni raundi tatu bana. Wa kulipwa kazoea 12, raundi mbili za mwanzo anamsoma mtu taratibu, sasa huku ukimaliza kumsoma kengele ya mwisho inagonga na mwenzio alianza kurusha ngumi toka sekunde ya kwanza, halafu ukishinda unapigana tena baada ya siku chache na mzani unaupanda kila siku ya pambano. Na wakali wenyewe hawakwenda, WBC, nao shirika la ngumi za kulipwa, walitishia kuwafungia miaka miwili. Ila ingekuwa raundi 12, hapo nakubaliana na wewe.