Udi Ukiteleza Pajani, Usiudake kwa Mkono wa Kushoto

Ilikuwa harusi hapa Lamu. Nimevaa kanzu mpya, kitambaa kinateleza kama samaki, na mwenyeji kwa heshima zake kanikalisha kwenye kiti cha enzi. Wimbo wa pili haujaisha, udi wangu, ile ala ya nyuzi, ushaanza kunikimbia. Kila ukishuka, naudaka kwa mkono wa kushoto, na mkono huo huo ndio unaotafuta sauti. Shingo ya udi haina vyuma vya kugawa sauti kama gita. Kidole kikihama kiasi cha punje ya mchele, umeshaharibu. Mpiga dumbaki alinitazama mara moja, kisha akainamia ngoma yake.

Kosa halikuwa la kanzu peke yake. Gita lina kiuno, linakalia paja. Mgongo wa udi ni bakuli, unagusa paja mahali padogo tu, basi hutaka kubingirika uso utazame dari. Na sisi wanafunzi twauachia, maana hivyo twaona vidole vyetu. Usiuachie. Uso wa udi usimame wima, na kidole kilipo utakijua kwa sikio.

Mzee aliyenifundisha aliwahi kuniambia, "Mwanangu, toa mkono wa kushoto, uweke gotini." Nikautoa, shingo ikaanguka. "Basi hujaushika bado." Kinachoushika udi ni paja la kulia, kifua, na mkono wa kulia karibu na kiwiko, unaoulalia kwa juu. Kiganja kibaki huru na risha yake, ile ya kupigia nyuzi. Ukiona bega limepanda, unabana kupita kiasi.

Miaka baadaye nikakuta kwamba Mwingereza Thomas Mace aliandika maneno ya namna hiyo mwaka 1676, kuhusu lute, ambayo ni kizazi cha udi huu huu, hata jina lake latokana na Kiarabu, al-ud. Yeye alimkalisha mwanafunzi mezani, ukingo wa chini wa ala ukiegemea ukingo wa meza, kifua kikiusukuma, mkono wa kushoto umelala juu ya meza bila kazi. Mtu wa pembeni asiweze kuivuta kwa urahisi! Nimejaribu kwa meza ya jikoni, na kwa mazoezi ni dawa, ila jukwaani utaonekana wasubiri chakula.

Kiti kisiwe na mikono. Cha enzi kiachie bwana harusi, kinazuia kiwiko. Chini ya mguu wa kulia weka kigoda, paja lipande. Ukikaa mkekani, kunja miguu na ukalie mto, la sivyo mgongo utakuuma kabla ya vidole.

Cha kuzuia kuteleza, nilianza na mpira ule wa kuweka chini ya zulia. Unashika kweli, lakini kwa joto letu uliniachia alama kwenye vanishi. Sasa natumia ngozi laini ya kufutia magari, nimeilowesha kidogo na kuikamua. Mji wetu ni wa punda, kwa hiyo niliagiza Malindi. Mkanda pia unafaa, lakini usitoboe mwenyewe: mbao za mgongo ni nyembamba mno, mpelekee fundi anayejua gogo la ndani liko wapi.

Kanzu ile bado ninayo. Naivaa Ijumaa, udi ukiwa nyumbani.