Imani Isiwe Mlango wa Dharura: Ushauri kwa Waandishi wa Riwaya za Kikristo za Kisiasa

Miswada mingi ya riwaya za Kikristo za kijasusi ninayoletewa niihariri hufanana mahali pamoja: mchungaji anakamatwa na makachero, anapiga magoti usiku kucha, na alfajiri mlango wa mahabusu unafunguka. Sina ugomvi na miujiza. Petro alifunguliwa minyororo katika Matendo ya Mitume, ingawa sura hiyohiyo inaanza kwa Yakobo kuuawa kwa upanga. Ninachowashauri waandishi ni kwamba imani imzidishie mhusika matatizo, isiwe njia ya mkato ya kumtoa humo.

Kisa ninachowasihi wakisome kwanza ni cha Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani. Mwaka 1939 alikuwa salama New York, lakini alirudi kwao wiki chache kabla ya vita kuanza. Baadaye shemeji yake, Hans von Dohnanyi, alimwingiza katika Abwehr, idara ya ujasusi wa jeshi, ambamo baadhi ya wakubwa walikuwa wakipanga kwa siri kumpindua Hitler. Kwenye makaratasi aliitumikia serikali, na kwa kisingizio hicho aliepuka kupelekwa vitani. Safarini alibeba ujumbe wa watu waliotaka kuiangusha.

Mwishoni mwa Mei 1942 alikutana na Askofu George Bell wa Chichester, Uingereza, katika mji wa Sigtuna, Uswidi. Tukio hili lisome polepole. Siku chache kabla, Bell alikuwa ameshaonana na mchungaji mwingine wa Kijerumani, Hans Schönfeld, aliyeleta ujumbe unaofanana, na wajumbe hao wawili hawakuwa wamepanga safari pamoja. Bonhoeffer alimtajia askofu majina ya vinara wa njama, wakiwamo jenerali mstaafu Ludwig Beck na Carl Goerdeler, aliyewahi kuwa meya wa Leipzig, majina ambayo yangetosha kuwanyongesha wenyewe kama yangevuja. Kisha, wakati mwenzake akitafuta masharti nafuu ya amani, yeye alisema kwamba Wajerumani hawapaswi kukwepa toba, na kwamba hatua yao lazima ulimwengu uielewe kuwa ni tendo la kutubu. Ni mjumbe gani wa siri anayejidhoofishia hoja namna hiyo? Hapo imani imeingia ndani ya mazungumzo ya kidiplomasia na kuyatia ugumu, bila mtu kupanda mimbarani. Bell alimfikishia habari Anthony Eden, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, ambaye mwezi Julai alijibu kwamba maslahi ya taifa hayaruhusu kuwapa watu hao jibu lolote.

Bastola zipunguze, leja ziongeze. Bonhoeffer alikamatwa tarehe 5 Aprili 1943 baada ya wapelelezi kufuatilia fedha za kigeni, zikiwamo zilizohusu mpango wa kuwavusha Wayahudi zaidi ya kumi kwenda Uswisi kwa kisingizio kwamba ni mawakala wa Abwehr. Karani anayekagua hesabu ukurasa kwa ukurasa humtisha msomaji kuliko mtu mwenye bunduki. Usiliruke pia suala la uongo, ambalo waandishi wetu hulikimbia: mhubiri huyu alilazimika kuwadanganya waliomhoji, na akiwa gereza la Tegel aliandika insha kuhusu maana ya kusema kweli. Alinyongwa katika kambi ya mateso ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945.

Ukitaka kuandika ya huku kwetu, yupo Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Februari 1977 maaskofu walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji; tarehe 16 Luwum alikamatwa, na siku iliyofuata serikali ikatangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Mimi nisingeanza na kifo, kwa kuwa msomaji wa Afrika Mashariki anakijua tayari. Ningewaweka maaskofu mezani wakibishania ukali wa barua ile, sentensi kwa sentensi, kisha sura zinazofuata zionyeshe kila saini imemgharimu nani nini.